Kamera Iliyoinamisha Kichwa

Kisiwa cha Providencia, Karibi, 1996

Jumapili, 28 Aprili

Mvua ya kwanza imeshuka tukiwa kanisani, katikati ya wimbo wa pili, na watu wote wakageuza shingo kuutazama mlima. Mama peke yake hakugeuka. Yeye hasikii mvua. Alikuwa ameinusa tangu alfajiri, akaniambia kwa mikono huku akifunga vifungo vya gauni lake la kanisani, "Wiki hii wanashuka." Alikuwa anasema kaa wa mlimani, ambao kila mwaka hushuka baharini kutaga.

Tumerudi tumelowa. Sanduku la kaka yangu Alston bado liko juu ya meza, vilevile nilivyoliacha jana lilipofika na meli ya mizigo kutoka kisiwa cha San Andrés. Ndani mna kamera ya video, kanda tano, waya wa kuunganisha na televisheni, na stendi ya miguu mitatu iliyoviringishwa ndani ya suruali kuukuu ya kazi. Ameandika mstari mmoja tu: "Verlene, nataka kumwona mama akisema."

Miaka kumi na moja Alston yuko kwenye meli na bandari za watu. Mimi huongea naye kwa simu. Mama hawezi. Alizaliwa kiziwi, na maneno yake yote yako mikononi. Simu haibebi mikono.

Mama ameichukua kamera, akaigeuza, akachungulia kioo chake. "Jicho lisilo na uso," akasema, akairudisha sandukuni kama mtu anayerudisha samaki mdogo baharini.

Jumatano, 1 Mei

Mvua. Wageni wawili kwenye hoteli ninakopika wamekula shelisheli niliyokaanga wakasema viazi hivi vitamu. Sikuwasahihisha.

Alhamisi, 2 Mei

Leo jioni nimejaribu. Mama alikaa kibarazani kwenye kiti chake, nami nikasimama mbele yake nimeishika kamera kwa mikono miwili, nikamwashiria kwa kidevu aanze.

"Nianze wapi?" akauliza.

Sikuweza kumjibu, mikono yangu ilikuwa imejaa. Nikainua nyusi, nikatikisa kichwa, nikacheka.

"Verlene, umekatwa mikono?"

Nikaweka kamera magotini ili nimjibu. "Sema lolote, mama. Alston anataka kukuona."

Nilipoinua kamera tena, alikuwa ameikunja mikono yake chini ya aproni. Kwetu, mtu akiificha mikono ndiyo amenyamaza. Aliitoa mara moja tu, akasema, "Mimi sizungumzi na mtu aliyeziba mdomo," akaingia ndani kupika.

Nimeitazama picha kwenye televisheni. Nyumba inayumba, mama anayumba, bahari nyuma yake inapanda na kushuka. Utadhani kisiwa kizima kimepakiwa ndani ya mtumbwi na sisi sote tumelala humo.

Ijumaa, 3 Mei

Jawabu ni stendi, kusudi mikono yangu iwe huru. Lakini stendi ina kasoro. Juu yake, pale kichwani, pana mfereji bapa ambamo kibao kidogo kilipaswa kuteleza na kukaza. Kibao hicho ndicho kinachofungwa kwa skrubu kwenye tumbo la kamera. Kibao hakimo. Ama Alston amekisahau juu ya meza fulani huko Colón, bandari anakofanyia kazi, ama kimeanguka njiani.

Nimefunga kamera kwa uzi wa kuvulia samaki, mizunguko mingi, nikaweka mto wa kulalia chini. Jirani yetu Bi Orlinda akatokea mlangoni na bakuli lake la sukari ya kuazima.

"Hodi! Loo, mmefunga mashine au mmefunga mbuzi?"

"Tunajaribu tu, Bi Orlinda."

"Mbuzi huyo atakimbia."

Hajamaliza kusema, kamera ikajipindua ndani ya uzi, ikatazama dari, ikaangukia ule mto wa kulalia. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Nilifurahi kumwona akicheka, ingawa moyo wangu ulikuwa umeshaanguka pamoja na kamera.

Jumatatu, 6 Mei

Nimeshuka kijiji cha Casa Baja na kamera na stendi, kwa Hartley anayeunda mashua. Tulisoma pamoja. Alikuwa anakaa nyuma yangu, na mwalimu akimuuliza swali, yeye hufikiri kwa muda mrefu hata mwalimu akamwendea mwingine, na jibu lake lilikuwa linakuja wakati wa somo lililofuata.

Hajabadilika. Aligeuza kichwa cha stendi huku na huku, akatia kidole kwenye mfereji, akaugusa wenzo mdogo wa chuma wa kukazia.

"Unataka kibao," akasema.

"Ndiyo, Hartley, hicho ndicho nilichosema nilipoingia."

"Acha vyote hapa."

"Mpaka lini?"

Akaitazama bahari. Nikasubiri. Kuku wakapita kati yetu. "Mbao itaniambia," akasema.

Nimerudi nyumbani nikipiga mateke mawe. Mtu gani huyu, anaongea kama anachimba kisima!

Alhamisi, 9 Mei

Wameshuka.

Nilitoka hotelini alasiri mvua ikikatika, nikakuta askari wamefunga barabara kwa kamba. Lami ilikuwa haionekani. Kaa weusi wenye miguu myekundu, maelfu kwa maelfu, wakitoka msituni kwenda baharini kutaga mayai, wakikwaruza majani makavu kwa sauti kama ya mchele unaomiminwa kwenye sinia pana lisilojaa. Kila mtu hutembea polepole siku hizi. Hata mbwa huinua miguu.

Mama nilimkuta nje, katikati yao, amevua viatu. Amefumba macho. Kaa walikuwa wanampita pembeni kama maji yanavyolipita jiwe.

"Unafanya nini?" nilimuuliza alipofumbua macho.

"Nawasikiliza," akasema, akaonyesha nyayo zake.

Sasa ni marufuku kuwakamata mpaka msimu upite. Mama, ambaye maisha yake yote amechambua nyama ya kaa kwa ajili ya wapishi, sasa anapumzisha vidole. Lakini vidole havipumziki. Mvua ikija vinavimba kwenye maungo, na asubuhi hii alishindwa kufunga vifungo. Nilimfungia. Nikajifanya sikuona.

Jumamosi, 11 Mei

Hartley ameleta kibao mwenyewe, kwa miguu, akiwa na stendi begani na kamera ameificha chini ya koti la mvua. Mbao ya mwerezi, laini kama sabuni. Kimeingia kwenye mfereji sawasawa. Akanywa kahawa. Aliitazama mikono ya mama, akanitazama mimi, akaondoka bila kusema lolote zaidi ya "Asante kwa kahawa".

Jumapili, 12 Mei

Leo tumejaribu tena.

Baada ya ibada mama hakuvua gauni la kanisani wala viatu vyake vyeusi. Nilijua maana yake. Nikamwekea kiti sebuleni, mlango wazi kwa ajili ya mwanga. Nikafunga kibao kwenye tumbo la kamera, nikakitelezesha kichwani mwa stendi, nikavuta wenzo. Ilikaa. Nikakaa kwenye kigoda pembeni, mbele kidogo ya stendi, mama aweze kunitazama na mikono yangu iwe huru. Taa nyekundu ikawaka.

"Alston anakusikiliza," nikamwambia.

Alianza kwa adabu, kama watu wanavyoanza. "Alston, hujambo. Ni mimi mama yako. Nyumba tumeipaka rangi ya samawati. Paa halivuji." Nikamjibu, "Vizuri, endelea." Nje palikuwa na manyunyu. Nilihisi usingizi mtamu wa furaha, kama mtoto anayesikia wakubwa wakiongea chumba cha pili.

Halafu akaacha kunitazama mimi. Akalitazama lile jicho.

"Siku ile gatini nilikuona," akasema.

Hajawahi kuitaja siku ile. Mimi nilikuwapo. Alston alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, amesimama kwenye sitaha ya meli pale gati la Santa Isabel, na meli ilipoachia kamba alipaza mikono yake juu ili mama amwone: "Nakwenda, mama. Kaa wakishuka, narudi." Mama akageuka, akampa mgongo. Kwetu sisi hilo ni zaidi ya kuziba masikio. Siku zote nilidhani jua lilimpiga machoni, au machozi. Nilidhani hakuona.

"Niliona neno zima," alisema leo. "Nikakupa mgongo kusudi. Bahari ilimchukua baba yako ikaniletea kofia. Ukaifuata bahari hiyohiyo kama mbwa anayemfuata aliyempiga. Nikuage nini? Na ule uongo wako wa kaa! Kila mwaka wanashuka. Kila mwaka nasimama nje kama mjinga, nahesabu meli. Mimi sina mwana. Nina masanduku. Sanduku la sabuni, sanduku la vitambaa, leo sanduku la jicho. Mwana haji ndani ya sanduku."

Aliyasema kwa nguvu, viganja vikigongana, vidole vile vilivyovimba vikikatalia njiani na yeye akivilazimisha. Sijawahi kumwona mtu akisema hivyo. Nililia, na kwa kuwa nilikuwa namtazama yeye, sikugeuka nyuma hata mara moja.

Alipomaliza aliiweka mikono mapajani. Ndipo nikageuka.

Kamera ilikuwa imeinamisha kichwa, inatazama sakafu, kama muumini aliyezidiwa na sala.

Nimeitazama kanda. Mwanzoni mama yuko, uso na mikono. Kisha polepole, polepole mno, uso unatoka juu ya picha. Shingo inafuata. Mikono inapanda juu, juu zaidi. Anaposema "siku ile gatini", zimebaki ncha za vidole tu, zikichungulia kama midomo ya samaki. Halafu magoti. Halafu viatu viwili vyeusi juu ya mbao, na cha kulia kinakanyaga, kinakanyaga, kinakanyaga. Sauti ipo: mvua, viganja vikigongana, pumzi yake. Mama hajui kwamba akisema husikika. Na karibu na mwisho kaa mmoja anaingia kutoka mlangoni, anasimama kando ya kiatu, anafikiri, anaendelea na safari yake.

Jumatatu, 13 Mei

Nimemwonyesha. Ilinibidi. Alitazama viatu vyake kwenye televisheni mpaka kanda ikaisha.

"Tufanye tena, mama?"

"Nimekwisha sema."

"Lakini Alston hataona."

"Nimekwisha sema, Verlene. Neno si chapati uligeuze mara mbili."

Nikamwambia basi nitampigia Alston simu, nimweleze mimi. Alinishika mikono yote miwili akaibana, kama mtu anavyomziba mtoto mdomo, na vidole vyake vilikuwa vya moto.

Jumanne, 14 Mei

Mvua.

Jumatano, 15 Mei

Mvua. Hartley amekuja. Nilikuwa nimeandaa maneno makali tangu Jumapili. Aliichomoa kamera, akakipapasa kibao, akakilamba.

"Mbao imekunywa unyevu," akasema. "Imevimba, skrubu ikalegea. Kosa langu." Kisha akashika kitasa cha pembeni kinachozuia kichwa kisiiname, akakizungusha kwa kidole kimoja. "Na hiki hukukikaza."

"Niliogopa kukivunja."

"Basi tugawane."

Maneno yangu makali yote yakaniponyoka. Ni vigumu kumgombeza mtu aliyekwisha jigombeza. Amekichukua kibao, ameondoka nacho mvuani.

Jumanne, 21 Mei

Jana jioni mama alitaka kuniambia bahari imechafuka, na neno "bahari" likatoka kama "sufuria". Sufuria imechafuka. Nikaenda kuiosha. Niliporudi nayo inang'aa, aligeuza uso.

Sikuelewa mpaka nilipokuwa kitandani. Mama ameanza kugugumiza, kwa vidole.

Jumapili, 26 Mei

Kanisani. Kaa wachache sasa. Mama hakusema na mtu yeyote.

Jumamosi, 1 Juni

Hartley amerudi na kibao cha alumini, alichokikata kwenye mlingoti wa mashua iliyovunjika. Safari hii hakuondoka. Alikaa sakafuni sebuleni, mimi mbele yake, mama kwenye kiti akitutazama kama mchezo wa karata.

"Tazama," akasema. Huyu bwana akizungumza juu ya kitu kilicho mkononi mwake, maneno yanamjia. "Hapa nimeweka kijino. Kijino hiki kinaingia kwenye kitundu hiki, tumboni mwa kamera. Ndicho kinachoizuia isijizungushe. Sasa skrubu. Kaza kwa sarafu, vidole havitoshi. Jaribu kukipinda kibao. Kimecheza?"

"Hapana."

"Sasa ingiza kichwani. Sukuma mpaka ikuambie."

Nikasukuma. *Ta!* Wenzo ukaruka wenyewe mahali pake.

"Imekuambia. Lakini usiiamini bado. Mkono mmoja ubaki juu yake, kama kwa mtoto mchanga. Ivute juu. Itikise. Haitoki? Haya, sasa legeza kitasa kidogo uone inaelemea wapi."

Pua ya kamera ikaanza kushuka. Akakisogeza kibao nyuma kidogo, tukajaribu tena, ikashuka mkia; akasogeza mbele kama unene wa ukucha. Nikaondoa mkono. Kamera ikasimama yenyewe hewani, haijakazwa, haijashikwa, haielekei huku wala kule.

Tulibaki tukiitazama sote watatu. Sijui kwa nini kitu kilichosimama tu kinaweza kumtuliza mtu hivyo.

"Sasa ndiyo unakaza kitasa," Hartley akanong'ona, kana kwamba kuna mtu amelala.

Alipokuwa anaaga alijaribu kumwambia mama kwa mikono "Kesho nitakuja". Mama akakodoa macho. Akanigeukia.

"Anasema kesho atakula nywele. Nywele za nani?"

Nilimtafsiria. Masikio ya Hartley yakawa mekundu kama miguu ya kaa.

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua jambo. Kila siku nikitoka kazini naiweka kamera juu ya stendi, bila kanda. Kijino, sarafu, *ta*, itikise, isawazishe, kaza. Halafu naiacha ikae sebuleni na sisi, tunafanya kazi zetu. Simwombi mama kitu.

Alhamisi, 6 Juni

Mama ameitundikia kofia yake.

Jumamosi, 8 Juni

Anaiita Miguu Mitatu. Asubuhi aliiambia isogee, anataka kufagia. Halafu akaisogeza mwenyewe, kwa upole, akishika miguu na si kichwa.

Jumanne, 11 Juni

Hartley huja kila jioni sasa kujifunza maneno. Anajifunza anavyochonga: anachukua neno moja, analigeuza, analipiga msasa. "Mvua" limemchukua siku mbili. Bi Orlinda amechungulia dirishani akasema, "Hartley, mashua zako zimeota mizizi huko Casa Baja, wewe uko hapa kucheza na vidole?"

"Nasoma, Bi Orlinda," akajibu.

"Unasoma nini, kitabu au mwenye kitabu?"

Safari hii masikio mekundu yalikuwa yangu.

Wakati wa shule nilidhani ni mzito. Leo nimemtazama akisubiri mama amalize sentensi moja ndefu, vidole vikikwama, vikirudi, na hakumdokezea neno hata mara moja. Mimi mwenyewe humdokezea. Sote humdokezea.

Jumapili, 16 Juni

Mvua ilikatika saa sita, na mwanga ukaingia sebuleni kama umetumwa. Nilikuwa nakuna nazi. Mama akapita mbele yangu amesuka nywele upya, amevaa gauni la kawaida na ndara, akaenda akakaa mbele ya Miguu Mitatu. Akatoa kofia yake juu ya kamera, akaipakata.

"Washa," akasema.

Nikanawa mikono. Nikaweka kanda. Nikaishika kamera, nikaitikisa, nikakikaza kitasa mpaka mwisho. Nikakaa kwenye kigoda.

Hakuanza na salamu. Alianza na habari. Mary Luz ameolewa, ana mapacha. Mchungaji mzee amefariki, wamemzika siku ya upepo na kofia zote zikaruka. Mti wa shelisheli nyuma ya nyumba umepigwa na radi lakini umechipua. Ng'ombe wa Orlinda alikula kitambaa cha mezani. Miaka kumi na moja ya habari, moja baada ya nyingine, polepole, kwa sababu kila neno lilikuwa na njia yake ngumu ya kupita. Neno likikataa alisimama, akakifinya kidole, akalirudia. Mimi niliikalia mikono yangu nisimdokezee.

Nilichungulia nyuma mara nyingi. Kamera ilikuwa inamtazama sawasawa.

Mwishoni aliiweka mikono juu ya kofia. Jogoo akawika mbali. Nikadhani amemaliza.

"Alston," akasema, "gatini ulisema na mimi, nikakupa mgongo. Mgongo ule umeniuma kuliko vidole. Ulikuwa unangoja jibu, na mtu hawezi kusafiri vizuri akiwa anangoja jibu. Basi nakujibu."

Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa chake, kama mtu anayetaka kuonekana kutoka mbali.

"Haya. Nenda, mwanangu. Nenda salama. Na ukichoka, njoo."

Akaishusha. Akavaa kofia yake, akatoka nje kwenda kuwatazama kuku.

Jumanne, 18 Juni

Kanda zote mbili zimeondoka na meli: ya uso na ya viatu. Nilitaka kuibakiza ile ya viatu, mama akakataa. "Mpelekee. Ni miguu yangu."

Nikamwuliza kama bado anasikitika kwamba maneno yale ya kwanza yalipotea.

"Yalikuwa maneno ya hasira," akasema. "Ile mashine iliona haya ikaangalia chini. Ilikuwa na adabu kuliko mimi."

Nimeyafikiria hayo siku nzima nikipika. Mwezi mzima niliomboleza yale maneno kama maiti. Leo, nikikoroga tui, nimegundua kwamba nashukuru.

Jumamosi, 29 Juni

Meli imekuja. Hakuna kitu chetu.

Jumapili, 7 Julai

Watoto wa kaa wametoka baharini. Ni wadogo kama punje za mtama, wekundu, wamefunika ngazi, kuta, miguu ya viti. Hatuwafagii. Tunakaa ndani na kungoja wapande mlima. Mama amelala mchana kutwa, mikono yake juu ya shuka, na usingizini vidole vyake vilikuwa vinasema kitu. Nilikaa nikivitazama. Sikuelewa hata neno moja.

Jumapili, 14 Julai

Hartley amesema na mama leo, mbele yangu, bila kosa: "Kesho nitakuja."

"Kila kesho?" mama akamuuliza.

Akafikiri. Jamani, alivyofikiri! Kahawa ikapoa.

"Kila kesho," akajibu kwa mikono.

Mama akanitazama. Mimi nikaitazama kahawa. Halafu nikasema ndiyo, kwa mdomo na kwa mikono, isije ikapotea.

Jumamosi, 27 Julai

Bahasha kutoka Colón, na ndani yake kanda moja. Mama ameishika tangu gatini mpaka nyumbani.

Hartley akaunganisha waya. Tukakaa. Kwenye televisheni pakatokea ukuta mweupe na kalenda. Alston akapita karibu sana, tumbo tu, akirekebisha kamera aliyoazima, kisha akarudi nyuma akakaa mezani. Amenenepa. Ana mvi. Mama akauma mdomo.

Mikono ya Alston ilikuwa chini ya meza. Kwa muda mrefu alikaa hivyo, na nikaona mama anaanza kukunjamana uso, maana kwetu hilo ni kunyamaza.

Halafu akaitoa. Mkono wa kulia hauna vidole viwili.

Nilipiga kelele. Mama hakutikisika.

"Ilikuwa kamba ya chuma ya meli," Alston akasema, polepole, kila neno likichechemea. "Mwaka ule ule wa kwanza. Kaa walipokuwa wanashuka nilikuwa hospitalini. Nilipopona nilijaribu kusema peke yangu mbele ya kioo. Maneno yalitoka yamevunjika. Niliona haya kuja kwako hivyo, mama. Kwa wengine ni mkono tu. Kwako wewe ni mdomo."

Akafuta uso kwa bega.

"Nimeona viatu vyako. Nilijua umekasirika. Nikafurahi, maana mtu hamkasirikii asiye wake. Kisha nikakuona wewe, nikaona vidole vyako navyo. Nimechoka, mama. Nakuja Desemba."

Ukuta mweupe ukabaki, na kalenda, na kanda ikaendelea kuzunguka.

Mama aliomba irudiwe. Tukarudia. Akaomba tena. Hakulia. Alikuwa amejiinamia mbele, macho kwenye ule mkono, kama anavyotazama midomo ya wageni anapojaribu kukisia wanasema nini. Hartley alitoka nje taratibu akakaa ngazini.

Baada ya mara ya tatu mama akazima televisheni mwenyewe.

"Ana lafudhi," akasema.

Akavuta kiti chake karibu na changu mpaka magoti yetu yakagusana. Akauchukua mkono wangu wa kulia, akakunja vidole viwili, vile vile ambavyo Alston hana, akavibana chini kwa kidole gumba.

"Sema mkate."

Nikasema mkate. Lilitoka neno jingine, kitu kama ufunguo.

"Hapana. Yeye atalisema hivi. Tazama." Akakunja na vyake, kwa shida, akanionyesha. "Lazima tulijue kabla hajaja. Akifika hapa tusimfanye arudie maneno yake mwenyewe."

Tukasema mkate. Tukasema maji, na mvua, na mlango. Jioni ikaingia tukiwa hapo hapo, hakuna aliyewasha taa, mpaka ilipotubidi kusogea dirishani ili tuonane. Neno "nyumbani" likanishinda. Nililijaribu mara nyingi, na kila mara likaanguka katikati.

Mama akavikunja tena vidole vyangu kwa vidole vyake vigumu.

"Polepole," akasema. "Desemba bado."